Mlango wa Gereji wa Mtumba: Pima Kwanza, Ndipo Utoe Pesa

Swali: Ninamalizia gereji nyumbani kwangu Tegeta, Dar es Salaam. Uwazi wa mlango una upana wa sentimita 260 na kimo cha sentimita 210. Dari ni zege, iko sentimita 248 kutoka sakafuni. Kwa ndani, ukuta wa pembeni mwa uwazi una sentimita 22 kushoto na 20 kulia. Nimepata mlango uliotumika, wa paneli nne za bati zenye povu, umekuja na kontena kutoka Marekani. Muuzaji anasema ni futi 9 kwa 7, una reli zake, springi mbili na mota ya rimoti, ila umeshafunguliwa wote umelala chini. Anataka shilingi milioni moja na laki mbili. Fundi wangu anasema tutaukata kidogo upande mmoja ili uingie. Niununue?

Jibu: Kwa vipimo ulivyotuma, mlango huo unaingia na hauhitaji kukatwa hata kidogo. Lakini bei hiyo ni ya mlango uliosimama unafanya kazi, nawe umeonyeshwa vipande vilivyolala chini. Kuna mambo manne ya kuhakikisha kabla ya kutoa pesa: mpindo wa reli, hali ya paneli ya chini na ya juu, vyuma vidogo kama vimetimia, na kama springi za kuuendesha zinapatikana hapa mjini. Yakikaa sawa yote manne, ununue kwa bei ya paneli na reli. Likikwama moja, uache upite.

Nianze na hilo la kukata, maana ndilo lingekutia hasara mapema. Fundi wako anaufikiria kama mlango wa chumba, unaokaa katikati ya fremu. Mlango wa paneli haukai hivyo. Unasimama kwa ndani, nyuma ya ukuta, na kingo zake zinalalia ukuta. Futi 9 ni sentimita 274, uwazi wako ni 260. Zinazozidi ni 14, yaani 7 kila upande, na hizo ndizo zinazoziba mwanya wa pembeni usipitishe mvua na panya. Futi 7 ni sentimita 213, uwazi ni 210, kwa hiyo hata juu umepata 3 za kulalia. Kwa kweli mlango unaolingana barabara na uwazi ndio wenye usumbufu, kwa sababu inabidi upigilie mbao na mpira pembeni kote kuziba nyufa.

Pembeni, reli pamoja na vigurudumu na ngoma za kukunjia waya wa kuinulia mlango huhitaji kama sentimita 10 kuanzia ukingo wa mlango. Ongeza zile 7 za kulalia, unapata 17. Wewe una 22 na 20. Panatosha, ila mwambie anayepiga lipu asijaze sana kona ya kulia.

Kukata kungeharibu kitu kingine kabisa. Kila paneli ina kipande cha bati nene kilichofungwa kwenye ncha zake mbili, na bawaba za pembeni zinazoshika vigurudumu zimefungwa juu ya kipande hicho. Ukipitisha grenda upande mmoja umekiondoa, na umebaki na bati jembamba na povu. Bawaba ikifungwa hapo itashika miezi michache, kisha skrubu zitachomoka mlango ukiwa juu. Fundi mwenye vifaa anaweza kutengeneza ncha mpya kwa bati nene na ribiti, lakini ni kazi ya paneli nne, na kwako haina sababu.

Kichwa cha mlango na dari

Hapa ndipo milango mingi ya mtumba inapokwama, na watu hugundua wakiwa wameshalipa. Nafasi ya juu hupimwa kutoka ncha ya juu ya mlango hadi dari, wala si kutoka kwenye linta. Kwako ni 248 kutoa 213, sawa na sentimita 35.

Reli za milango ya Kimarekani zina mpindo wa aina mbili za kawaida: wenye nusu kipenyo cha inchi 12, na wenye inchi 15. Mpindo wa inchi 12 ukiwa na springi za juu unahitaji kama sentimita 31 za nafasi. Wa inchi 15 unahitaji karibu 37. Maana yake ni kwamba mpindo wa inchi 12 kwako unapita, na wa inchi 15 haupiti. Mota ya kuning'inia darini huomba sentimita 5 hadi 8 zaidi, kwa hiyo hata kwa mpindo mdogo utakuwa umebanwa. Nitalirudia hilo.

Nenda na tepu. Laza reli ya juu sakafuni, ile yenye mpindo. Simamisha kipimo pale unapoanzia mpindo, pima moja kwa moja hadi kwenye mstari wa ile sehemu ndefu iliyonyooka. Ukisoma karibu sentimita 30, endelea kukagua. Ukisoma karibu 38, mwambie muuzaji asante. Zipo reli za dari fupi zenye njia mbili sambamba, lakini huwezi kuzitengeneza kwa kukunja za kwako.

Pima pia kina cha gereji. Mlango ukifunguka hulala chini ya dari, na unahitaji urefu wake na sentimita 45 za ziada: kama mita 2.6. Ukiweka mota, tenga mita 3.3 kwenda ndani. Tembea ukiangalia juu kama kuna bimu inayoshuka chini ya zege, bomba au taa katika eneo hilo. Bimu moja ya sentimita 20 inatosha kuufanya mlango usifunguke.

Mwisho pima uwazi wenyewe upya, kwa mkono wako: upana chini, katikati na juu, kimo kushoto, katikati na kulia, kisha kona kwa kona mara mbili. Vile vya kona vikipishana zaidi ya sentimita moja, uwazi umepinda, na reli itabidi zisimamishwe kwa timazi bila kufuata ukuta. Sakafu nayo iwe sawa kushoto na kulia, maana mpira wa chini huziba mteremko wa sentimita moja au mbili, zaidi ya hapo unabaki mwanya.

Namna ya kukagua vipande vilivyolala chini

Omba paneli zipangwe juu ya mbao mbili, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa mlango. Ya chini utaijua kwa mpira na vyuma viwili vinavyoshika ncha za waya. Ya juu haina mfereji wa kupokea paneli nyingine kwenye ukingo wake wa juu. Ziandike namba kwa chaki. Mara nyingi utakuta paneli ni za milango miwili tofauti zilizochanganywa kwa sababu rangi inafanana. Migongo na mifereji yake haitakamatana, na hilo utaliona mara moja ukizisogeza zikutane.

Paneli ya chini ndiyo inayokufa kwanza. Maji husimama ukingoni, yanapenya kwenye mkunjo wa bati, na kutu huanza kwa ndani kabla ya kuonekana nje. Bonyeza kwa kidole gumba ukingo wote wa chini, sentimita kumi kwa kumi. Bati zima linakurudishia kidole. Lililoliwa linabonyea kama kifuniko cha boksi, na rangi inapasuka kwa mistari myembamba. Ukikuta hivyo sehemu moja ndogo, inaweza kuzibwa. Ukikuta theluthi ya urefu, hiyo paneli imekwisha, na paneli moja ya mfano uleule huipati hapa. Tegeta iko karibu na bahari. Kutu iliyoanza ughaibuni itakimbia mbio ikifika hapo.

Paneli ya juu iangalie katikati, pale mkono wa mota ulipokuwa umefungwa. Kila mara mota ilipovuta, ilivuta hapo. Kama hapakuwa na chuma cha kuimarisha kilichovuka upana wote, bati limechanika au limejikunja kwenye matundu ya skrubu. Ufa wa sentimita mbili tatu unarekebishika kwa kufunga chuma cha umbo la U kutoka upande hadi upande. Paneli iliyovunjika mgongo hairekebishiki.

Kisha gonga kila paneli kwa kidole, mahali pengi. Panaposikika mlio mzito povu limeshikana na bati. Panaposikika kama debe bati limeachana na povu, na paneli hiyo imepoteza nguvu yake. Milango ya rangi nyeusi au kahawia iliyokuwa ikitazama jua ndiyo yenye tatizo hili zaidi. Inamisha kichwa uangalie kwa jicho moja kufuata urefu wa paneli: isiwe imepinda kama upinde. Kuchubuka kwa rangi na vibonyeo vidogo visikusumbue, hivyo vinapakwa.

Baada ya hapo hesabu vyuma. Mlango wa paneli nne wa upana huo unatakiwa kuwa na:

- vigurudumu 10: viwili chini, viwili kwenye kila moja ya maungio matatu, viwili juu
- bawaba 6 za pembeni, pamoja na za katikati ya kila maungio, moja au mbili kila moja
- reli 2 za wima, 2 za mlalo, na vishikizo vyake vya ukutani
- shafti (bomba la chuma linalolala juu ya mlango na kubeba springi), ngoma 2 za kukunjia waya, mabamba 2 ya beringi za pembeni na 1 la katikati
- waya 2 za chuma zilizosukwa
- springi 2

Bawaba za pembeni zina namba iliyogongwa kwenye chuma: 1, 2, 3. Namba hizo zina kazi. Kila namba inakiweka kigurudumu mbali zaidi na paneli kuliko iliyotangulia, kwa sababu reli ya wima haisimami sambamba na ukuta, inaachana nao kidogo kadiri inavyopanda. Namba 1 hukaa maungio ya chini, 2 ya kati, 3 ya juu. Aliyefungua mlango akizitupa zote kwenye mfuko mmoja si kosa, mradi ziwepo zote. Zikiwa ni namba 1 tupu, mlango utaachana na ukuta kwa juu na kubakiza mwanya, na fundi atalaumu reli bure.

Waya na vigurudumu vihesabu kama vitu utakavyobadilisha, hata vikionekana vizima. Waya hukatika uzi mmoja mmoja pale unapokunjwa karibu na kishikizo cha chini, sehemu yenye maji na uchafu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na gari lililo chini yake.

Springi ndizo zinazoamua

Mlango wa paneli zenye povu wa futi 9 kwa 7 kwa kawaida huwa na kilo 50 hadi 65. Mtoto anaufungua kwa mkono mmoja kwa sababu springi iliyo juu imekazwa hadi inavuta karibu sawa na uzito wote. Ni mizani: upande mmoja mlango, upande wa pili springi. Mota haibebi mlango; inausukuma tu ukiwa umeshasawazishwa. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini mlango wenye paneli nzuri na springi zisizo zake ni mzigo wa chuma.

Springi hutengenezwa kwa idadi ya mizunguko ya kufungua na kufunga, na ile ya kawaida ni 10,000. Ukifungua na kufunga mara nne kwa siku unatumia kama 1,460 kwa mwaka, kwa hiyo ina miaka saba pungufu kidogo. Springi ya mtumba hujui imeshatumia ngapi. Inapokatika inakatika kwa kishindo, na mlango unageuka kilo 60 tupu. Kwa hiyo springi alizokupa muuzaji zichukue kama kielelezo cha kuagizia mpya.

Namna ya kuzipima ni hii. Bana mikunjo 20 iliyogusana, pima urefu wake kwa milimita, gawanya kwa 20. Ukipata milimita 114, waya una unene wa 5.7. Ukipata 127, ni 6.35. Usipime mkunjo mmoja, kosa la nywele linakuwa kubwa: nguvu ya springi hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne, na hizo mbili nilizotaja, ambazo kwa jicho hazitofautiani, zinapishana nguvu kwa karibu mara moja na nusu. Pima pia kipenyo cha ndani, ambacho mara nyingi ni milimita 44 au 51, na urefu wote wa springi ikiwa imelegea. Springi mbili za mlango mmoja husukwa kinyume, moja kulia na moja kushoto. Zikiwa zimesukwa upande mmoja zote mbili, hazikutoka kwenye mlango huo.

Lakini vipimo vya springi iliyopo havithibitishi kwamba ndiyo iliyofaa. Kinachothibitisha ni uzito, na kwa kuwa mlango wako umelala vipande, una bahati ya kuupima kirahisi. Chukua mizani ya bafuni. Mtu apande, andika kilo zake, ashike paneli pamoja na bawaba zake, andika tena, toa. Fanya hivyo kwa zote nne, ongeza chuma cha kuimarishia na vigurudumu. Jumla hiyo, pamoja na kimo cha mlango na namba iliyogongwa kwenye ngoma, ndivyo vitu vitatu ambavyo muuza springi atakuuliza. Ngoma iliyoandikwa D400-96, kwa mfano, ni ya milango isiyozidi inchi 96, yaani futi 8, na kwako inafaa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, peleka hesabu hiyo kwa mafundi wawili watatu wanaofunga rola shata na milango ya paneli hapa Dar. Waulize kama wanaweza kukuletea jozi ya springi za uzito huo, kwa bei gani na kwa muda gani. Akikosekana hata mmoja mwenye jibu, usinunue, hata kama unapewa nusu bei. Siku springi itakapokatika, gari litakuwa ndani.

Kama muuzaji atakuonyesha springi ndefu za kuvutika zinazokaa sambamba na reli za mlalo badala ya zile za kuzungushwa juu ya shafti, huo ni mfumo tofauti. Unakubalika, na huomba nafasi ndogo kidogo ya juu, ila lazima ndani ya kila springi upite waya wa usalama uliofungwa ncha zote mbili. Bila waya huo, springi ikikatika inaruka gereji nzima kama fimbo.

Na kazi ya kukaza springi za kuzungushwa usimwachie fundi geti ambaye hajawahi kuifanya. Kwa mlango wa futi 7 zinazungushwa kama mara saba na nusu, robo kwa robo, kwa vyuma viwili vya duara vya nusu inchi vyenye urefu wa kama sentimita 45, vinavyoingia barabara kwenye matundu ya koni, kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya springi. Nondo ya ujenzi yenye makovu haiingii sawasawa, na bisibisi huchomoka. Kilichokwisha kukazwa kinarudi kwa kasi na kuvunja mkono au taya. Mlango unabanwa kwenye reli kwa koleo la kujifunga ili usipande ghafla. Na vyuma vya chini vinavyoshika waya havifunguliwi kamwe springi zikiwa zimekazwa.

Mota

Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha inarekebisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya kawaida ya umeme wa kupishana ikipewa hezi 50 huzunguka taratibu kwa karibu sehemu moja ya sita, na hupata joto zaidi. Rimoti zake nazo hutumia masafa ya redio ya kwao. Tena kama ni ya kabla ya 1993, huenda haina macho ya chini yanayozuia mlango kumfungia mtoto au paka, kwa sababu ni mwaka huo ndipo Marekani ilipoyafanya lazima kwa mota mpya. Mwambie muuzaji abaki nayo na apunguze bei.

Ukitaka mota baadaye, nunua mpya ya volti 230. Kwa zile sentimita 35 zako, uliza mota inayofungwa ukutani pembeni na kuzungusha shafti moja kwa moja. Hiyo haihitaji nafasi juu ya mlango, ila hakikisha pembeni panaitosha. Na kwa kuwa umeme hukatika, hakikisha kuna kamba ya kuachia mota ukiwa ndani. Kama gereji haina mlango mwingine wa kuingilia, weka na kufuli ya kuachia kwa nje, la sivyo umeme ukikatika ukiwa nje utakaa barabarani.

Ukuta utashika?

Swali hili halipo kwenye barua yako na lina uzito kuliko rangi ya mlango. Bamba la katikati linaloshika springi hupokea msokoto wote, na hukaa sentimita ishirini na kidogo juu ya mlango. Kwako ni kama sentimita 235 kutoka sakafuni. Angalia linta yako inaishia wapi. Linta ya kimo cha sentimita 20 inaishia 230, na bamba litaangukia kwenye tofali. Tofali la saruji linapasuka taratibu chini ya msokoto huo, bolti zinaanza kucheza, na siku moja bamba linang'oka na springi zake.

Dawa yake si ghali. Simamisha bamba la chuma la milimita 6 kutoka kwenye linta hadi juu, lifungwe kwa bolti za kutanuka za milimita 12 ndani ya zege la linta na zege la juu, zisikaribie ukingo wa zege kwa chini ya sentimita 10, kisha bamba la springi lifungwe juu yake. Pembeni nako weka chuma cha umbo la L kutoka sakafuni hadi juu, ndipo reli ya wima ifungwe hapo badala ya kutegemea tofali. Reli za mlalo zining'inizwe kwenye zege la dari, nyuma ikiwa juu kama sentimita 2 kuliko mbele, na mwisho wake pawe na bolti ya kuzuia vigurudumu visitoke.

Bei

Usilinganishe milioni moja na laki mbili na bei ya mlango mpya wa aina hiyohiyo, ambayo muuzaji atakutajia haraka. Ilinganishe na unachoweza kupata kesho: rola shata ya kupimiwa kwa uwazi wako, iliyofungwa tayari. Omba bei hiyo kwa maandishi kutoka sehemu mbili. Kisha andika gharama kamili ya mlango wa mtumba: bei yake, usafiri, springi mpya, waya, vigurudumu, mpira wa chini, vyuma vya ukutani, bolti na ufundi. Kipimo ninachokishikilia ni kwamba jumla hiyo isipite asilimia 60 ya rola shata mpya. Ikipita, mtumba hauna faida, kwa sababu dhamana huna, na paneli ikigongwa na gari huna pa kupata mwenzake. Ukiwa na orodha hiyo mkononi, mazungumzo na muuzaji yanakuwa mafupi: unamwonyesha anachokosa, unakitoa kwenye bei.

Ufungwe kwa utaratibu huu: paneli ya chini kwanza, isawazishwe kwa pimamaji hata kama sakafu imepinda, kisha reli za wima, paneli nyingine, reli za mlalo, na springi mwisho kabisa. Zikishakazwa, kabla ya mota yoyote, nyanyua mlango kwa mkono mmoja. Uache kwenye goti, kiunoni, begani. Pote unatakiwa kusimama wenyewe. Ukishuka kutoka kiunoni, ongeza robo mzunguko kwa kila springi. Ukipanda wenyewe, punguza robo. Kuunyanyua kusihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 7 hivi. Siku mota itakapofungwa, macho yake yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, na ulaze kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4 chini ya mlango: ukikigusa lazima urudi juu. Usiporudi, usitumike.

Kwa usalama wa wezi, bati la milango hii ni jembamba, kwa hiyo ongeza makomeo mawili kwa ndani, kushoto na kulia, yanayoingia kwenye tundu la reli. Ukiwa na mota, makomeo hayo yafungwe tu unaposafiri na mota ikiwa imezimwa, maana ikivuta mlango uliofungwa komeo itaichana paneli ya juu. Kwa hewa ya chumvi ya Tegeta, osha reli na bawaba kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya miezi mitatu, zikauke, kisha pulizia mafuta mepesi ya silikoni kwenye bawaba, beringi na springi. Ndani ya reli usipake grisi, inakusanya mchanga na kuwa kama msasa.

Na fundi akimaliza, kabla hajafunga mkoba wake, aandike kwa kalamu isiyofutika kwenye lipu karibu na shafti: uzito wa mlango, unene wa waya wa springi, kipenyo, urefu, na tarehe.